Mtungi wa Shemeji

Petroli ilipofika shilingi 211.64 kwa lita jijini Nairobi, Septemba 2023, na mwezi uliofuata ikapanda hadi 217.36, kila boma lenye pikipiki huku Chepseon lilijipatia mtaalamu wake wa mafuta. Kuna walioapa kwamba pikipiki ikizimwa kwenye mteremko inaokoa pesa ya chakula cha mchana. Kuna waliojaza tangi alfajiri tu, eti petroli baridi hushiba zaidi. Kwetu mtaalamu alikuwa shemeji yangu, mdogo wake Baba Watoto, mwanaboda wa stendi ya barabara kuu, na utaalamu wake ulifika nyumbani ndani ya mtungi wa manjano wa lita 20 uliowahi kubeba mafuta ya kupikia.

"Shemeji," aliniambia akiutua mlangoni mwa stoo, "habari ya EPRA na bei zake za mafuta za kila tarehe 14 imekwisha. Humu mna petroli na spiriti."

Alikoitoa hiyo spiriti hakusema sawasawa. Tulichoambulia ni kwamba aliteremka na njia ya Fort Ternan mpaka pande za Muhoroni, kwenye miwa, akakutana na mtu anayejuana na mtu. Kipimo cha kuchanganyia kilikuwa jicho lake. Alimimina hiki, akaongeza kile, akautikisa mtungi na kuunusa, akaridhika.

Usidhani alikosa hoja. Shemeji hajawahi kukosa hoja tangu nilipoolewa katika boma hili. Alitukumbusha kwamba serikali yenyewe ilifanya mchezo huo zamani, na hapo alisema kweli. Miaka ya 1980 kiwanda cha Agro-Chemical and Food pale Muhoroni kilikuwa kikichachusha molasi ya viwanda vya sukari na kuikamua spiriti, nayo ikatiwa kwenye petroli kwa kiasi cha asilimia 10. Mafuta hayo yaliitwa gasoholi, na wazee waliokuwa na magari enzi hizo wanayakumbuka. Mpango ule ulikufa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Malawi walianza yao 1982 na hawajaacha. Brazil walianza 1975, na leo gari la huko haliijui kabisa petroli isiyo na spiriti ya miwa. Marekani pia, sehemu kubwa ya petroli wanayouziwa watu ina spiriti ya asilimia 10.

"Kama Mmarekani anaendesha, mimi ni nani nisiendeshe?" akauliza shemeji.

Alichokisahau ni ukavu. Spiriti ukiikamua kwa moto na mvuke, hata kiwandani, hugoma ikifika asilimia 95 au 96 hivi. Kilichobaki ni maji, na maji hayo hayatoki kwa kuchemsha tena. Wanaochanganya mafuta ya magari huyatoa kwa mitambo maalumu, kisha huifunga spiriti isiguswe na hewa yenye unyevu. Spiriti ya mtu anayejuana na mtu ilikuja na maji yake tayari, na ikatua katika nchi ambayo nguo zilizoanikwa Jumatatu huanuliwa Alhamisi zikiwa mbichi. Tena lita moja ya spiriti ina nguvu kama theluthi mbili tu za lita ya petroli. Kwa hiyo hata ile nafuu aliyoipigia hesabu ilikuwa ikivujia kwenye ekzosi.

Kisha mvua za El Nino zikaanza.

Mwaka ule maji hayakutuomba ruhusa. Barabara za ndani ziliteleza, chai ikachipua kwa fujo, na usiku kukawa na baridi ya kumrudisha mbwa jikoni. Petroli tupu ikiingiwa na maji, maji hutuama chini na kila kimoja kinakaa kwake. Yenye spiriti ni ndumilakuwili: huyameza maji kimyakimya, isionyeshe lolote, mpaka ikishiba huyatapika pamoja na spiriti yenyewe. Kwa mafuta yenye spiriti ya asilimia 10, shibe hiyo huja maji yakikaribia asilimia 0.5. Katika mtungi wa lita 20 ni mililita 100, nusu kikombe cha chai. Na kadiri mafuta yanavyopoa ndivyo shibe inavyowahi. Baridi yetu ya usiku ilitosha.

Pikipiki ilikufa kilimani, na abiria wake alikuwa mwalimu wa kwaya aliyevaa joho jeupe. Ya joho sitayasimulia. Pikipiki ilisukumwa hadi nyumbani, na shemeji akaamua kulinyonya tangi kwa mpira, kwa mdomo, kama wafanyavyo vijana wote wa stendi. Alivuta mara ya kwanza, mpira ukakohoa. Akavuta kwa hasira, mafuta yakamjia yote kwa pamoja. Mengine aliyameza, mengine yalipotelea njia ya hewa. Alikohoa mpaka macho yakamtoka, na kila akivuta pumzi mdomo wake ulinuka gereji nzima.

Hapo ndipo mama mkwe wangu, ambaye boma zima humwita Kogo, alipotoka na kibuyu cha mursik. Kwake yeye hakuna sumu isiyojua adabu mbele ya maziwa lala yaliyotiwa mkaa. Anywe yote, kisha atie kidole kooni, atapike, mambo yaishe. Kibuyu kilikuwa kimeshafika midomoni pale mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chetu, mmoja wa wale waliokabidhiwa mikoba ya vifaa na serikali Septemba ileile, alipoingia na kupaza sauti ambayo hakuna mkazamwana angethubutu kuipaza mbele ya Kogo:

"Mama, usimtapishe! Na hayo maziwa yaache kwanza!"

Alitueleza huku akimsafisha kijana mdomo kwa maji. Petroli tumboni ni balaa, ila ile inayoingia mapafuni ndiyo inayoua. Ni nyepesi, hutandaa, na tone dogo tu hubabua vifuko vya hewa mpaka mapafu yanavimba na kujaa majimaji. Mtu akitapika, inapita kooni mara ya pili na kupata nafasi ya pili ya kuingia kusikotakiwa. Kumjaza maziwa ni kulichokoza tumbo litapike. Tiba ya nyumbani ni kumtoa penye mvuke, kumvua nguo zilizolowa, kumsafisha mdomo na ngozi, kisha kukimbia hospitali hata kama anajiona mzima, kwa sababu homa na pumzi za haraka huweza kuchelewa kwa saa kadhaa.

Alipelekwa Londiani, akalazwa kuangaliwa, akarudi na kifua kinachouma na amri ya kutogusa tena mpira kwa mdomo. Petroli ile yenye spiriti ilitolewa kwenye tangi kwa kuchomoa mrija wa chini na kuitega, jambo ambalo lingewezekana tangu mwanzo. Ikarudishwa mtungini, na mtungi ukarudishwa stoo. Ndipo shida zetu zilipoanza hasa.

Stoo yetu inapakana na jiko. Humo mna unga, gunia la mahindi, majembe, mifuko ya kuchumia majani, na kwenye rafu ya juu, vibuyu vya Kogo. Mfuniko wa mtungi ule ulikuwa wa mafuta ya kupikia, haukutengenezwa kuzuia mvuke wa petroli. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi kwenda zake darini. Hutambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango, ukatafuta penye moto. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jikoni kwetu. Tulipikia ugali upande wa pili wa mlango huo siku zote hizo, na ninavyojua sasa, ni Mungu tu.

Kichwa kilianza kuuma watu asubuhi. Kitinda mimba alilalamika kwamba uji una ladha ya boda boda, tukamwambia aache madeko. Baba Watoto alinawa mikono yake yenye grisi kwa mafuta yaleyale, "maadamu yapo", mpaka ngozi ya vidole ikakauka na kupasuka. Petroli huyayeyusha mafuta asilia ya ngozi, na kupitia ngozi hiyohiyo kitu kiitwacho benzini hupenya. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, limeiweka benzini katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani, hasa ile ya damu. Mtu anayenusa kidogo akijaza tangi hana haja ya kukimbia. Nyumba inayolala na mtungi unaopumua ni habari nyingine.

Karani wa kituo cha majani ndiye aliyetufumbua macho, au niseme pua. Majani chai hunyonya harufu yoyote inayoyakaribia, na mifuko yetu ilikuwa imelala stoo. Karani aliuning'iniza mfuko kwenye mizani, akainama, akachukua majani mawili na chipukizi, akayafikicha mkononi, akanusa, akanitazama.

"Mama, haya majani yamekuja kwa pikipiki au yamekunywa pikipiki?"

Foleni nzima ikacheka. Mfuko haukupimwa. Nilirudi nao kichwani nikijua kwamba habari itanitangulia kufika nyumbani, na kweli ilinitangulia.

Hata hivyo mtungi ulipata wakili. Usiku wa Jumapili, tarehe 10 Desemba, stima ilipotea nchi nzima, mara ya tatu ndani ya miezi minne, na Baba Watoto akakumbuka kwamba tuna jenereta. Petroli si hiyo hapo? Akaimimina. Jenereta iliwaka, ikanguruma kwa furaha, ikakohoa, ikapiga chafya ya moshi mweupe, ikanyamaza. Asubuhi fundi aliifungua na kutuonyesha mrija wa mpira uliovimba na kulainika hadi unabonyea kwa ukucha; spiriti huila mipira ya mashine za zamani ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Kwenye kabureta mlikuwa na kijidimbwi cha kitu kisicho petroli wala maji.

Kifungua mimba wetu, binti, alikuwa ametoka kumaliza mtihani wa KCSE, na kemia bado ilikuwa ikimchemka kichwani. Alichukua chupa ya jemu, akatoka nayo uani mbali na jiko, akaijaza kutoka mtungini, akaifunga na kuiweka juu ya jiwe. Tulikusanyika. Kwanza ilikuwa ukungu mtupu. Kisha ikajigawa. Juu palibaki kimiminika cha rangi ya mkojo wa asubuhi, angavu. Chini, upana wa vidole viwili, palituama kitu cheupe kilichofifia, na kati yao mstari ulionyooka. Aliiinamisha chupa, mstari ukabaki sambamba na ardhi. Aliitikisa, ukapotea, akaiweka chini, ukarudi palepale.

"Ya chini ni spiriti na maji," alisema. "Mashine hunyonya kutoka chini. Na hii ya juu imepoteza nguvu, hata mkiitenga haifai. Baba mdogo, hayo si mafuta tena. Ni taka."

Jirani yetu, mzee wa heshima zake, alikuwa amekuja kuazima nyundo. Aliposikia "ya chini ni spiriti" alisahau nyundo. Alishauri kwa upole kwamba ile ya chini ichotwe kwa utaratibu, ichujwe kwa kitambaa na mkaa, maana kutupa kitu kama hicho ni dhambi, na chang'aa si iliruhusiwa na sheria ya mwaka 2010?

Binti alimjibu kwa heshima inayompasa mzee. Spiriti hiyo imelala na petroli muda wote huo na imebeba benzini na wenzake. Tena spiriti isiyojulikana ilikotoka huenda ina methanoli, ile iliyowapofusha na kuwaua watu zaidi ya mia moja Nairobi mnamo Novemba 2000 waliokunywa pombe iitwayo kumi kumi. Mkaa hauchuji methanoli. Mzee alisikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyefiwa, akaondoka bila nyundo.

Basi ikabaki kutupa. Baraza la familia likaketi, na penye wengi pana mengi.

Baba Watoto alipendekeza choo. Kina shimo refu, kimejificha, na petroli itaua nzi. Hoja ilikuwa nzuri mpaka ulipokumbuka kwamba yeye mwenyewe huvuta sigara yake ya jioni mlemle. Mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa ya shimo kwa asilimia kati ya 1.4 na 7.6 hivi, njiti moja ya kiberiti inatosha kumtoa mtu chooni kabla hajamaliza. Hata asipovuta, mafuta yale hushuka, na chemchemi yetu iko chini kwenye mteremko huohuo. Kuwepo kwa spiriti huzidisha ubaya: vijidudu vya udongoni vinavyoweza kuila benzini huipenda spiriti zaidi, huanza nayo, huimaliza oksijeni yote kwa karamu hiyo, na benzini inaachwa isafiri mbali kuliko ambavyo ingesafiri peke yake.

Shemeji alipendekeza amwagie magugu pembezoni mwa shamba la chai. Nilimuuliza kama amewahi kumwona mchai unaochagua kinywaji. Mizizi haijui mpaka.

Kijana wetu wa ng'ombe alisema mfereji wa barabara, mvua itayabeba. Ni kweli ingeyabeba, na tunajua inakoyapeleka. Maji yetu ya upande huu hushuka hadi mto Kipchorian, Kipchorian unapita Fort Ternan na kuingia Nyando, na Nyando unakata mashamba ya miwa ya Muhoroni na mpunga wa Ahero hadi Ziwa Victoria. Njia nzima watu wanateka, ng'ombe wananywa, watoto wanaoga. Spiriti ingekuwa inarudi kwao Muhoroni, ila na sumu mgongoni.

Kogo, ambaye hapendi maneno marefu, alisema iachwe wazi juani ikauke. Kwa tone lililomwagika, Kogo ana haki: fungua madirisha, zima moto, liache likauke, kisha uoshe. Kwa mtungi mzima, ni kuutoa mvuke wote stoo na kuugawa kwa boma zima, pamoja na kuku.

Kitinda mimba alisema ichomwe. Macho yake yaling'aa kwa namna iliyonitia mimi mama yake hofu. Hapo Kogo ndiye aliyeinua mkono, na uani pakanyamaza. Alitaja jina moja: Sachang'wan. Hakuna mtu mzima wa huku asiyeijua tarehe 31 Januari 2009, pale karibu na Molo, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakimbilia na mitungi na ndoo, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu mia. Mitungi ilikuwa kama huu, ya manjano. Kogo alihudhuria mazishi mengi mno mwaka ule. Binti akaongeza la kwake: ukichoma petroli iliyo wazi haiwaki peke yake, inawaka na hewa iliyokuzunguka, mwali wa spiriti mchana huonekana kwa shida, na ukiumwagia maji moto wa petroli, unauelekeza kwa jirani. Mchanga, udongo, blanketi zito au kizima moto cha unga, basi. Pendekezo la kuchoma likafa bila kupigiwa kura.

Tuliuhamisha mtungi kwanza. Ulikaa nje, chini ya kibanda chenye hewa pande zote, mbali na jiko, stima na watoto, juu ya ubao. Palipokuwa pamechuruzika stoo tulimwaga mchanga na vumbi la mbao, tukakusanya kwa koleo na kutia kwenye ndoo ya mfuniko. Kisha nikashika simu.

Huu ndio ukweli nilioupata. Katika barabara ya kutoka Londiani hadi Kericho unaweza kununua petroli kila baada ya kona chache, ya pampu na ya chupa. Pa kurudisha iliyoharibika hapana hata mahali pamoja palipotengewa mwananchi wa kawaida. Kanuni za taka za mwaka 2006 zinahesabu taka za petroli kuwa hatari, na anayezibeba kibiashara lazima awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka kaunti ziweke vituo vya kuchambulia taka. Karatasi ziko sawa. Lakini mama mwenye mtungi mmoja Chepseon hana cha kumwonyesha dereva wa lori lenye leseni hiyo, wala lori lenyewe haliji kwa mtungi mmoja. Ndiyo maana mitungi mingi huishia mferejini usiku, na wanaoimwaga si watu wabaya.

Mwishowe gereji moja ya Kericho mjini ilikubali. Wanalo pipa la petroli mbovu, mbali na lile la oili chafu, na mkusanyaji mwenye leseni huja kulichukua. Fundi alisisitiza jambo hilo la mapipa mawili: petroli ikitiwa kwenye oili chafu, pipa tulivu linageuka bomu, na mkusanyaji hulikataa. Akauliza kama mafuta yetu yamejigawa. Kama yasingekuwa yamejigawa, alisema, yamechakaa tu, mngeyachanganya kidogo kidogo na petroli mpya nyingi mkayamaliza kwenye mashine isiyo na makuu. Yakishakuwa na mstari, hayo ni ya pipa.

Shemeji alitaka kuupeleka kwa matatu. Makanga alimruhusu kupanda yeye, akaukataa mtungi, na abiria wakampigia makofi makanga, jambo nisilowahi kuliona. Ulienda kwa pikapu tupu ya jirani mwingine, ile ya kupelekea kabeji, nyuma kwenye hewa, umesimama wima, umefungwa kamba mbavuni, umekingwa jua, na umepunguzwa kidogo ili mafuta yapate pa kutanukia. Ndoo ya mchanga ikaenda nayo. Shemeji aliketi mbele akiwa na amri ya kutovuta sigara wala kumruhusu dereva avute.

Fundi alipokea vyote, akalipwa, kisha akautoboa mtungi mtupu kwa bisibisi sehemu tatu. Shemeji alilalamika kwamba mtungi ungefaa kutekea maji. Ndiyo sababu niliutoboa, akajibu fundi. Plastiki iliyonywa petroli haioshwi ikatakata, na huku kwetu mtungi mtupu haukai siku mbili kabla mtu hajaupeleka mtoni. Vivyo hivyo kwa chupa za soda na maji: mtoto haoni petroli, anaona kinywaji.

Jioni Kogo alifungua kesi. Shtaka halikuwa jenereta, wala majani yaliyokataliwa, wala safari ya Londiani. Alikipandisha mezani kibuyu chake kikubwa, kile anachokisugua kwa mkaa wa mti wa senetwet na alichopewa siku ya harusi yake, akakizibua, akampitishia kila mmoja wetu puani. Kilinuka stendi. Kibuyu, kama mfuko wa majani chai, hakisahau kilicholala nacho.

Utetezi wa shemeji ulikuwa mrefu. Alitaja bei za EPRA, Malawi, Brazil, mvua za El Nino na mtu anayejuana na mtu. Tulipiga hesabu mbele yake: mpira wa jenereta, kabureta, hospitali, mfuko wa majani, kabeji za kumshukuru mwenye pikapu, ada ya gereji. Alichookoa kwa spiriti kisingelipa hata mfuniko. Kogo alimwachilia kwa upande wa ujinga, akisema ujinga ni wa wote, maana hakuna aliyeuliza mtungi ule utatoka vipi siku ulipoingia. Kwa upande wa kibuyu alimtia hatiani: kibuyu kipya, kondoo mmoja, na kuanzia siku hiyo petroli iingie bomani kwa kiasi kitakachoisha mwezi huohuo, ndani ya mtungi wa chuma uliotengenezewa kazi hiyo, na isilale chini ya paa moja na chakula wala watu.

Kondoo ameshaliwa. Mtungi wa chuma umenunuliwa, mwekundu, na unakaa kibandani. Kuhusu kibuyu shemeji amekata rufaa, akidai kwamba mzee jirani alionekana kuitamani spiriti ile na hivyo anapaswa kuchangia nusu. Mzee ameitwa kutoa ushahidi, na amesema atakuja atakaporudishiwa nyundo ambayo hakuwahi kuichukua.